Maneno Madogo Kwenye Foni ya Manika

Tata, yaani baba yangu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe ya shaba, mahali penye kelele nyingi hata yeye na wenzake walizoea kusemezana kwa mikono. Kwa hiyo mimi, binti yake, nilipopata kazi yangu ya kwanza, huko Manika, mtaa mmoja wa mji wa Kolwezi, alicheka mpaka akakohoa.

"Batu banalipwa juu ya kubeba na kuchimba," alimwambia mama. "Mutoto yetu atalipwa juu ya kusema!"

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati mkoa wetu uliitwa Shaba, na kazi yangu ilikuwa kwenye foni. Foni ni redio ya kusemeana. Yetu iliwekwa nyuma ya magunia ya unga, ndani ya magazini, yaani ghala, ya mfanyabiashara mmoja. Mwenye magazini alikuwa na depo nyingine Mutshatsha, magharibi mwa Kolwezi kwenye njia ya reli, na kila siku alitaka kujua mahindi na mihogo iliyofika kule. Habari zake zilipokwisha, watu wa mtaani waliruhusiwa kutuma zao: nani amezaa, nani ni mgonjwa, nani anakuja. Simu za kweli zilikuwa maofisini kwa wakubwa. Sisi wengine tulikuwa na foni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mjane mmoja wa Katanga ya kaskazini, mwanamke wa kanisa mwenye sauti nene, ambaye Manika nzima ilimwita Mama ya Foni. Siku ya kwanza aliniketisha kwenye kiti, akaniwekea mkono begani.

"Maneno makubwa haipotei," alisema. "Mutoto, kilio, treni, hii yote inafika. Yenye kupotea ni maneno ya kidogo: ku, mu, na, ya. Upepo inakula hii mbele. Na hata kama inafika, inafika bila kujua ndugu yake ni nani. Kila kaneno kadogo iko na ndugu yake. Umuweke karibu na ndugu yake, usimutupe mwisho."

Sikuelewa mpaka aliponisimulia yaliyotokea kabla yangu. Familia moja ilituma habari Mutshatsha: "Dada amezaa na docteur ku hopitali." Walitaka kusema kwamba alizaa salama na daktari alikuwepo kumsaidia. Lakini ukizaa na mtu, mtu huyo ndiye baba wa mtoto. Mume, aliyekuwa safarini kule kununua mahindi, alipanda treni ya kwanza na kuingia hospitali akipiga kelele kabla hajamtazama mtoto wake, ambaye alikuwa na masikio ya huyo mume mwenyewe, yale makubwa yaliyojitokeza pembeni.

Tena kulikuwa na ile ya mbuzi. "Muende kupokea mama mukubwa na mbuzi ku gare." Watu wa Mutshatsha walidhani wanaagizwa kumpokea kituoni kwa heshima, wakanunua mbuzi, wakamfunga utepe shingoni. Mama mkubwa akashuka kwenye treni akivuta mbuzi wake. Walisimama pale wakitazamana, mbuzi kwa mbuzi.

"Ulipashwa kusema namna gani?" Mama ya Foni aliniuliza.

"Mama mukubwa anakuya na mbuzi. Muende ku gare kumupokea."

"Njo vile," alisema, maana kwetu "njo" ni "ndiyo". "Sasa mbuzi iko na mwenyewe."

Upande wa pili, Mutshatsha, alikuwepo kijana mmoja. Sikujua sura yake. Nilijua sauti yake tu, iliyokuja ikivuma kama inapita ndani ya bomba, pole, isiyo na haraka, na namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Kila asubuhi alianza hivihivi: "Manika, Manika, huku Mutshatsha. Mumeamuka?" Na mimi nilijibu kwa sauti ya kazi, huku nimeshika ukingo wa meza.

Hatukuweza kusema mengi. Kila kituo kwenye njia ile ya reli, Kasaji na mbele yake, kilisikiliza masafa yale yale. Neno lolote la moyoni lingetembea mpaka Dilolo kabla ya chakula cha mchana. Basi tulisemeana habari za hali ya hewa.

"Ku Kolwezi iko baridi?"

"Iko baridi sana."

"Ufunike mabega."

Hayo tu. Lakini niliyabeba maneno hayo mawili nikarudi nayo nyumbani kwetu kwenye kambi ya wafanyakazi, nikala nayo bukari, ugali wetu, nikalala nayo. Jumapili, siku ambayo foni ilifungwa, ilikuwa ndefu kuliko zote. Kanisani niliimba bila kujisikia. King'ora cha kiwanda kilipolia kubadilisha zamu, nilitazama upande wa magharibi, ambako hakukuwa na kitu cha kuona isipokuwa vilima vya udongo uliotupwa na mgodi, na nilijiuliza yeye anatazama nini saa ile. Sijapata tena kutamani namna ile. Nilitamani mtu ambaye nisingeweza hata kumtambua sokoni.

Alhamisi moja sauti yake ilikuja dhaifu. Batri yake ilikuwa inakwisha. Alimaliza habari za mihogo, nikasikia ile pumzi.

"Siku ya posho," alisema, maana ndivyo tunavyoita Jumamosi, "tuonane ku gare, na treni ya asubui ya Mutshatsha."

"Gare gani?" niliuliza.

Niliita, nikaita tena. Kulikuwa na mvumo mtupu.

Mama ya Foni alikuwa amesikia. Alifunga mlango, akaketi juu ya gunia.

"Rudilia vile alisemaka. Usiongeze kitu."

Nikarudia.

"'Na treni,'" alisema polepole. "Treni ya kupanda weye, ao treni ya kufika na yeye?"

"Sijui, mama."

"'Ya Mutshatsha.' Yenye kutoka kule ao yenye kwenda kule?"

"Sisi huku, tukisema treni ya Mutshatsha, ni yenye kwenda kule."

"Basi anakuita uende."

"Njo vile nilisikia."

"Ao anakuya yeye." Alitikisa kichwa. "Angesema 'nitakuya' ao 'ukuye', tungepumzika. Ameacha verbe nyumbani, ametuma maneno ya kidogo peke yake."

Ijumaa tuliita Mutshatsha asubuhi na jioni, na Mutshatsha haikuitika. Mwenye magazini alianza kulalamika juu ya mahindi yake. Mama ya Foni akatoa batri mpya stoo, akaiweka ndani ya kikapu na kuifunika kitambaa.

"Hata kama yeye hakukuita," aliniambia, "batri inaita. Kesho uende."

Tata alipewa habari ya batri. Mama yangu alipewa na nusu iliyobaki. Alinitazama, akanipigia pasi kitenge chake cha kanisani.

Jumamosi asubuhi nilikaa dirishani mwa treni, kikapu katikati ya miguu yangu. Tulipita vichuguu vyekundu na misitu mifupi, kisha treni yetu ikasimama kwenye kituo kidogo porini. Reli ilikuwa moja. Ilibidi kungojea treni ya upande wa pili ipite. Ikaja, ikasimama kando yetu, dirisha kwa dirisha. Wanawake wa pale walipita katikati na mabakuli ya karanga na mahindi ya kuchoma. Mbele yangu, ndani ya treni ile nyingine, mwanamume mwenye shati la buluu alikuwa amelala, kofia usoni. Nyuma yake kijana mmoja alinunua mahindi, akapuliza vidole kwa sababu ya moto. Nilimtazama kwa kuwa alinichekesha. Alitazama kwangu, akainua hindi lake kidogo kama mtu anayemkaribisha jirani. Kisha treni yake ikaondoka kwenda Kolwezi.

Mutshatsha nilisimama kituoni mpaka watu wakaisha. Kila kijana aliyepita nilimtazama kinywa, nikingoja aseme. Hakuna aliyesema nami. Nilipochoka nikauliza depo iko wapi, nikaonyeshwa, nikakuta mlango umefungwa. Mwanamke mmoja mrefu alitoka nyumba ya jirani, mikono yake imejaa unga.

"Njo weye mutoto ya foni?" aliuliza.

"Njo mi, mama."

"Yesu wangu! Mutoto yangu ameenda ku Kolwezi asubui. Alisema unamungoya kule."

Nikaketi kizingitini na batri yangu. Yule mama alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Aliniletea maji, kisha bukari na sombe ya majani ya mihogo, akaketi karibu nami nikila. Alikuwa mjane, Mlunda, na huyo alikuwa mtoto wake wa mwisho. Uani shati jeupe la kijana lilikuwa limeanikwa, linapepea. Nilijizuia kulitazama, nikashindwa.

Ufunguo wa depo ulikuwa kwake. Saa ya foni ya alasiri ilipokaribia, aliniingiza ndani. Nilifunga waya mwekundu mahali pake na mweusi mahali pake, kama nilivyofundishwa. Kiti chake kilikuwa cha kamba, kimebonyea katikati. Nilikaa ndani ya umbo la mtu nisiyemjua, nikawasha.

"Mutshatsha, Mutshatsha, huku Manika."

Ilikuwa sauti yake. Alikuwa anasema maneno yangu.

"Manika, huku Mutshatsha," nilijibu.

"Unafanya nini mu kiti yangu?" aliuliza.

"Na weye, unafanya nini mu yangu?"

Mtu fulani wa Kasaji, aliyekuwa anasikiliza, alicheka kwa sauti ndani ya masikio yetu. Hatukujali.

"Nilikuambia treni ya Mutshatsha," alisema. "Kule kwetu tunaiita treni ya Kolwezi. Lakini nilitaka kusema sawa vile mutu wa Kolwezi, ile yenye inatoka Mutshatsha inafika kwenu."

"Na mi nilisikia sawa vile mutu wa Kolwezi. Ile yenye inatoka kwetu inaenda Mutshatsha."

Alikuwa amesimama mahali pangu ili nimwelewe, na kwa ajili hiyo tulipishana. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mama yake, nyuma yangu, alikuwa ameshika kitambaa mdomoni.

Akanieleza kwamba Mama ya Foni alimkuta gare ya Kolwezi akizunguka kama aliyepoteza mzigo, akamwuliza neno moja tu, akamjua kwa sauti, akampeleka moja kwa moja kwa wazazi wangu.

"Tata yako ameniuliza kazi yangu ni nini."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, ni kazi ya kusema. Amecheka sana. Kisha ameniuliza nimekuya kwake juu ya nini, na pale kusema ikanishinda."

Nilimsikia Mama ya Foni akimwambia kitu. Alivuta pumzi.

"Sikia muzuri. Weye, usitoke. Baki ku Mutshatsha, ulale ku nyumba ya mama yangu, pamoja na mama yangu. Kesho mi natoka ku Kolwezi. Napanda treni ku Kolwezi. Nashukia ku Mutshatsha. Weye unasimama ku gare ya Mutshatsha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Bien reçu, imesikika muzuri!" akasema yule wa Kasaji, ambaye hakuulizwa.

Jumapili nilisimama gare. Mama yake alikataa kuja. Alisema ana mihogo ya kumenya, siku ya Mungu! Watu walishuka, na nyuma yao kabisa akashuka kijana mwembamba aliyebeba batri nyingine, kwa kuwa naye alitumwa na mwenye magazini arudi nayo. Alikuja akasimama mbele yangu. Hakuwa mzuri wala mbaya. Hatukujua tufanye nini na mikono yetu.

"Njo weye?" aliuliza.

Sauti ile, bila mvumo, bila bomba, ilikuwa sauti ya mtu mwingine, nyepesi, ya kijana tu. Niliogopa. Nikafumba macho, nikamwambia, "Sema tena." Akasema tena. Nikangoja mpaka sauti mbili zikawa moja, nikafumbua macho, nikampokea batri.

Kuhusu kijana wa mahindi, tumebishana maisha yetu yote. Yeye anasema ndiye. Mimi nasema yule alikuwa mrefu zaidi.

Tulioana Kolwezi. Alipata kazi ya kuandika zamu za wafanyakazi kwenye machimbo yaitwayo Mashamba, nasi tukapewa nyumba kambini, si mbali na wazazi wangu. Jioni tata alikuja kuketi kwetu kibarazani. Yeye na mume wangu hawakusema mengi. Tata alimfundisha maneno ya mikono ya kiwandani, nao walikaa pale wakionyeshana vidole na kucheka, mimi nikiwa jikoni nisijue kisa ni nini. Watoto wetu walizaliwa katika miaka hiyo. Nikiulizwa furaha ni nini, huwa nakumbuka migongo yao miwili nikiiona kupitia mlango wa jikoni.

Kisha ikaja miaka ya mwisho ya Zaïre, na watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wakaambiwa kwamba Shaba si kwao, waondoke. Tata alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba. Hilo halikusaidia. Familia nyingi ziliishi gare zikingoja treni, juu ya magodoro na masufuria yao, mvua ikiwanyeshea. Niliwapelekea wazazi wangu chakula pale kila siku. Mimi nilikuwa mke wa mtu wa Mutshatsha, nikaruhusiwa kubaki.

Siku treni yao ilipoondoka, kelele zilikuwa nyingi mno, vilio na vyuma. Tata alinionyesha kitu kwa mikono kutoka juu ya behewa. Sikujua vidole vyake vilisema nini. Nilimgeukia mume wangu.

"Anasema iko muzuri," aliniambia. "Anasema rudi nyumbani."

Magazini ya unga ilikuwa imefungwa zamani, na Mama ya Foni alikuwa amefariki. Foni iliyobaki ilikuwa ya parokia. Mume wangu alikwenda pale kila siku akitoka kazini kungoja habari za Kasai. Majuma yalipita. Mimi nilipika, nikafua, nikatazama barabara.

Siku moja alirudi akasimama mlangoni, asivue kofia.

"Habari imetoka Mwene-Ditu, ku Kasai," alisema. "Mama amefika."

"Amefika na tata."

Alivuta ile pumzi yake.

"Mama amefika bila tata."

"Rudilia vile walisemaka."

"Bila tata."

Nilimwuliza kama labda tata alipanda behewa lingine. Kama alibaki njiani kwa ndugu. Kama mtu wa foni alikosea. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuondoa maana ya pili ndani ya maneno ya watu, na jioni ile niliitafuta maana ya pili kwa nguvu zangu zote, nimemshika mume wangu mashati. Neno lile lilikuwa dogo kuliko yote, na lilikuwa wazi.

Baadaye ilikuja habari nyingine: aliugua ndani ya behewa, akafa, na watu wakamzika kando ya reli, mbele ya Luputa, mji mdogo wa njia ile.

Amani iliporudi kidogo nilikwenda Kasai kumwona mama. Alikuwa amekonda, anaishi kwa kaka yake, na bado aliniuliza kama nimekula kabla hata sijaketi. Tulilala kitanda kimoja. Asubuhi nilimwuliza.

"Mama, 'mbele ya Luputa' ni wapi? Mbele ya kufika Luputa, ao kisha kupita, mbele kule?"

Alifikiri sana.

"Mi pia nilikuwa na homa, mwanangu. Walinishusha, wakanipandisha. Batu benye walimubeba njo walisema: mbele ya Luputa. Sikuwauliza. Nilifikiri nitakumbuka."

Hakukumbuka. Na watu wale waliomzika walitawanyika, kila mmoja na kijiji chake. Nilitafuta wawili watatu kupitia makanisa. Mmoja alisema ni kabla ya daraja, mwingine hakukumbuka daraja lolote.

Nimepita njia ile mara kadhaa tangu hapo, maana mama aliishi miaka mingi. Treni inakwenda polepole sana sehemu zile, na hilo ni jema. Kabla ya Luputa nakaa dirishani. Baada ya Luputa nakaa dirishani. Kuna nyasi, kuna mashamba ya mihogo, kuna watoto wanaopunga mikono. Safari ya mwisho mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliniona ninavyoinuka kila mara kutazama upande huu na upande ule.

"Unatafuta nini, mama?" aliniuliza.

"Tata yangu."

Alivuta kikapu chake cha kuku, akasogea, akaniachia nafasi kwenye dirisha la upande wa pili.